Dondoo muhimu: Kuchoma VCD ya harusi nyumbani

Una video ya harusi au ya kwaya hapa Chimala na unataka ndugu waitazame kwenye kompyuta? CD-R tupu moja ya MB 700 hubeba dakika 80 za VCD. Video ikizidi hapo, igawe mara mbili.

Kwanza igeuze iwe MPEG-1 ya mfumo wa PAL: picha 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde. Kwenye programu ya kuchomea chagua VCD, si CD ya data. Ukimaliza, ifungue CD hiyo kwenye kompyuta. Ukiona folda ya MPEGAV na ndani yake faili AVSEQ01.DAT, imekubali, na programu ya VLC itaicheza.

Umeme ndio adui mkubwa. Ukikatika katikati ya kuchoma, CD hiyo ya kutupa, kwa hiyo tumia laptopu yenye chaji ya kutosha na usiiguse mpaka imalize. Vumbi la huku Usangu wakati wa kiangazi nalo halina huruma: shika CD kwenye kingo, ifute kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe kitambaa.

Na tafadhali, usiifute video ya asili kabla hujaijaribu CD kwenye kompyuta nyingine.