Kufuatilia mashindano ya grandmasta ukiwa Sumbawanga

Kwa miaka ya karibuni, mwezi Oktoba, wakati wakulima wa Ufipa wanapoandaa mashamba na kusubiri mvua, wachezaji 12 wa sataranji huketi katika jiji la Saint Louis, Marekani, kugombea ubingwa wa taifa lao. Karibu wote ni magrandmasta. Mashindano hayo yamekuwa yakifanyika katika jiji hilo tangu mwaka 2009, na ni miongoni mwa mashindano ya kitaifa yanayofuatiliwa zaidi duniani. Mtu aliyeko Sumbawanga, Laela au Namanyere anaweza kuyafuatilia hatua kwa hatua, bila televisheni na bila kumaliza bando. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, huandikwa. Mechi ya mpira ikisimuliwa kwa maandishi, mengi hupotea. Mchezo wa sataranji ukiandikwa haupotezi hata hatua moja, na ndiyo maana leo tunaweza kucheza upya michezo iliyochezwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mchezo mzima wa hatua 40 ni faili la kilobaiti chache tu. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti. Anayejua kusoma maandishi hayo haitegemei video, na kwetu hilo ni jambo kubwa, maana ukiteremka kuelekea Bonde la Rukwa au mwambao wa Tanganyika mtandao huja na kupotea.

Kwa hiyo kabla hujatafuta nani anaongoza, jifunze kusoma. Ubao una miraba 64. Safu zinazopanda zimepewa herufi kuanzia a hadi h, kutoka kushoto kwa mchezaji mweupe, na mistari ya kukata imepewa namba 1 hadi 8 kutoka upande wake. Kila mraba basi una jina lake: e4, c6, h8. Kila kete kubwa ina herufi yake, na herufi hizo ndizo utakazozikuta karibu kila mahali: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Ukiona mraba peke yake, ujue askari ndiye aliyesogea. Alama ya x maana yake kete imeliwa, + ni cheki, # ni chekimeti, na O-O ni pale mfalme anapojificha pembeni na ngome kuruka upande wa pili.

Sasa soma hii: 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bb5. Mweupe amesogeza askari aliye mbele ya mfalme miraba miwili, mweusi akajibu vivyo hivyo. Farasi mweupe akatoka kwenda f3, na hapo anamtishia askari wa e5. Farasi mweusi akaja c6 kumlinda askari huyo. Askofu mweupe akafika b5 kumbana farasi anayelinda. Huu ndio ufunguzi unaobeba jina la Ruy López, padri wa Kihispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1561, na magrandmasta bado wanautumia kwenye mashindano makubwa. Ukiweza kuufuata mpaka hapo ukiwa na ubao mbele yako, umeshavuka sehemu ngumu. Yaliyobaki ni mazoezi ya wiki chache.

Ubao usiwe kisingizio. Kipande cha katoni, rula na kalamu vinatosha kuchora miraba, na vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vitafanya kazi ya kete. Nasisitiza ubao wa kushika kwa mkono hata kwa mwenye simu nzuri, kwa sababu anayesogeza kete mwenyewe hukumbuka, na anayebonyeza mshale kwenye kioo husahau upesi.

Ratiba nayo ina hesabu yake. Mashindano ya Marekani huchezwa kwa mtindo wa kila mmoja kukutana na kila mmoja, hivyo wachezaji 12 wana duru 11. Ushindi ni pointi moja, sare nusu pointi, kushindwa sifuri. Mwezi Oktoba, Saint Louis iko nyuma yetu kwa saa nane. Duru ikianza kule saa saba mchana, hapa ni saa tatu usiku. Mfumo wa muda unaotumika sana katika mashindano ya aina hii humpa kila mchezaji dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kumalizia, na sekunde 30 zikiongezwa kwa kila hatua. Mchezo mrefu huweza kuchukua saa tano. Mfuatiliaji wa Sumbawanga angemaliza saa nane usiku, na mwenye shamba au darasa asubuhi hana sababu ya kujitesa hivyo. Ushauri wangu ni kulala, halafu alfajiri upakue faili la duru nzima, ambalo hufunguka hata kwa mtandao hafifu, na kucheza mchezo mmoja ubaoni jioni yake. Hukosi kitu. Hata hao wanaotazama moja kwa moja mara nyingi huoneshwa hatua zikiwa zimecheleweshwa, robo saa au zaidi, ili kuzuia udanganyifu.

Mahali pa kupata michezo hiyo si pa kutafuta sana. Lichess ni tovuti na programu ya bure kabisa, haina matangazo, na ina sehemu ya kurusha mashindano makubwa ambamo faili la michezo hupakuliwa. Chess.com nayo hurusha mashindano hayo pamoja na habari na uchambuzi, ingawa baadhi ya huduma zake ni za kulipia. Kwa mashindano ya Afrika, yakiwamo ya majirani zetu, tovuti ya chess-results.com ndiyo inayohifadhi misimamo ya duru kwa duru. Sura yake ni ya kizamani, lakini ni nyepesi na hufunguka hata kwenye simu ndogo. Ukimsajilia mtoto akaunti, tumia jina la kubuni na usiweke picha wala jina la shule yake.

Ukishafungua, utakutana na jambo moja ambalo huharibu ladha kwa wageni wengi. Pembeni mwa ubao kuna mstari unaopanda na kushuka, wenye namba kama +0.4 au -2.1. Hiyo ni hukumu ya kompyuta, mara nyingi programu iitwayo Stockfish. Namba chanya humaanisha mweupe yuko vizuri zaidi, hasi mweusi, na moja kamili ni kama faida ya askari mmoja. Mstari huo ni sahihi karibu kila mara, lakini unakufanya umwone grandmasta kama mzembe kwa sababu hakuona kilichoonwa na mashine inayokagua mamilioni ya hatua kwa sekunde. Uzime. Aliyekulia barazani akitazama bao anajua kwamba raha ya mtazamaji ni kukisia hatua kabla fundi hajanyosha mkono, na katika sataranji ni hivyo hivyo: funika hatua inayofuata, andika ungeenda wapi wewe, kisha fungua uone. Washa kompyuta mwisho kabisa, kwa maswali uliyobaki nayo.

Kuna mchezo mmoja unaofaa kwa zoezi hili kuliko mwingine wowote ninaoufahamu. Katika mashindano ya Marekani ya 1963/64, Robert Byrne akiwa mweupe alikutana na Bobby Fischer. Magrandmasta waliokuwa wakiwachambulia watazamaji mchezo huo waliamini Byrne anashinda, na wakiwa bado na imani hiyo zikaja habari kwamba Byrne amekubali kushindwa baada ya hatua ya 21 ya Fischer, malkia kwenda d7. Wataalamu waliokuwa wakiufuatilia mchezo palepale walikuwa wamekosea nani anashinda. Utafute mchezo huo, uweke ubaoni mpaka hatua ya mwisho, ukae nao jioni mbili tatu kabla hujauliza mashine kwa nini mweupe amepotea. Mashindano yale Fischer aliyamaliza kwa ushindi 11 kati ya michezo 11, jambo ambalo halijarudiwa na bingwa mwingine wa nchi hiyo.

Kwa kawaida hali huwa ya kubanana zaidi. Mwaka 2021 wachezaji watatu, Wesley So, Fabiano Caruana na Sam Sevian, walimaliza wakiwa na pointi sawa, na ilibidi wacheze michezo ya haraka kumpata bingwa, So akashinda. Tangu 2022 Caruana ndiye aliyetawala, akiongezea taji lake la 2016. Ubingwa wa wanawake huchezwa sambamba, na Carissa Yip ni jina la kulifuata humo. Nawashauri wanaoanza waufuate huo zaidi: michezo mingi hupata mshindi, sare fupi ni chache, na makosa yake yanaeleweka kwa macho ya mwanafunzi.

Hilo linatuleta kwenye sare, maana mgeni hukerwa nazo. Sare hutokea kwa makubaliano, kwa hali ileile ya ubao kujirudia mara tatu, kwa hatua 50 kupita bila askari kusogea wala kete kuliwa, au mchezaji kukosa pa kwenda ilhali mfalme wake hayuko kwenye cheki. Wachezaji wakali wakilingana, sare ndiyo matokeo ya kawaida. Usizipuuze kwenye msimamo: anayeshinda michezo mitatu na kutoa sare nane ana pointi saba kati ya 11, na saba huweza kutosha kuchukua kombe.

Grandmasta ni nani hasa? Ni hadhi ya juu kabisa inayotolewa na FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, na mtu akishaipata ni yake maisha yote. Anatakiwa kufikisha kiwango cha uchezaji cha 2500 na kuonesha matokeo ya hali ya juu, kwa kawaida katika mashindano matatu dhidi ya wapinzani wenye hadhi. Tangu ianze kutolewa rasmi mwaka 1950, waliowahi kuipata duniani kote ni takriban 2,000 tu. Wa kwanza barani Afrika alikuwa Slim Bouaziz wa Tunisia, mwaka 1993. Bassem Amin wa Misri ndiye Mwafrika wa kwanza kuvuka kiwango cha 2700.

Tanzania bado haijapata grandmasta. Lakini mkoa wa Rukwa unapakana na nchi iliyonaye. Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola, Zambia, alipata hadhi hiyo mwaka 2009, miaka kadhaa kabla ya Kenny Solomon wa Afrika Kusini. Watu wa Kalambo wanaovuka Kasesya kwenda Mbala kwa biashara wanaingia katika nchi yake, na kwa miaka mingi hata umeme uliowasha taa za Sumbawanga ulitoka upande huo. Uganda nako kuna mabingwa wa kimataifa, hadhi iliyo ngazi moja chini ya grandmasta, wakiwamo Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi. Phiona Mutesi, aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe jijini Kampala kwa mwalimu Robert Katende, alirudi kutoka Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012 akiwa na hadhi ya kimataifa ya wanawake. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2016, na Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake. Mashindano ya taifa ya Uganda, Kenya na Zambia hayana kelele za Saint Louis, ila saa zake ni zetu au karibu na zetu, na michezo yake iko karibu na uwezo wa mtu anayeanza. Yafuateni pamoja na yale makubwa.

Hapa nyumbani chama cha taifa ni Tanzania Chess Association, mwanachama wa FIDE. Kiwango cha kimataifa hupatikana kwa kucheza mashindano yaliyosajiliwa, na kwa mtoto wa Rukwa hiyo ina maana ya nauli, malazi na siku kadhaa za kukosa masomo. Sioni haki watoto wa uwanda huu wakibaki watazamaji tu kwa sababu ya umbali. Walimu wa Kantalamba, wa Matai, wa Mpui na kwingineko wanaweza kuanzisha klabu kwa ubao wa katoni na simu moja: Jumatatu mwanafunzi mmoja anaandika ubaoni mchezo wa duru iliyopita, wengine wanaukisia hatua kwa hatua, Ijumaa wanacheza wao kwa wao na kuandika michezo yao yote. Daftari la michezo hiyo lihifadhiwe, pamoja na orodha ya majina na umri wa wachezaji. Orodha hiyo ikishafikia shule tatu au nne, iandikieni Tanzania Chess Association barua rasmi, nakala kwa afisa michezo wa mkoa, mkiomba shindano moja lililosajiliwa lifanyike Sumbawanga.