Ndugu yetu amefia seli: nani achunguze?

Swali: Kaka yangu alikamatwa Ijumaa akiwa mzima. Jumapili tukaambiwa amejinyonga seli, na sasa tunahimizwa tuzike haraka. Tufanyeje? – Msomaji, Kitengela

Jibu: Poleni sana. Msizike bado.

Polisi hawapaswi kujichunguza. Kifungu cha 25 cha Sheria ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi Kenya, ya 2011 kinawalazimu kuiarifu mamlaka hiyo mara moja na kuhifadhi ushahidi. Msiwangoje, ripotini wenyewe IPOA leo, mkiomba kwa maandishi kitabu cha matukio cha kituo (OB), majina ya askari wa zamu na picha za kamera zilindwe.

Kiini ni upasuaji wa maiti. Jitahidini daktari wenu awepo kando ya yule wa serikali, na mumwulize: alama ya kamba inapanda kuelekea sikioni, au imezunguka shingo sawasawa kama ya mtu aliyekabwa? Juni 2025 polisi walisema mwalimu Albert Ojwang, aliyekufa akiwa amezuiliwa kituo cha Central, Nairobi, alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia walikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Watu sita, mkuu wa kituo akiwemo, wakashtakiwa kwa mauaji. Bila upasuaji ule, hadithi ya ukuta ingesimama.

Vilevile, kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamtaka hakimu aliye karibu achunguze chanzo cha kifo cha mahabusu. Wakili wenu aandikie mahakama ya Kajiado. Hata aliyekwisha kuzikwa, hakimu anaweza kuamuru afukuliwe.