Somo la Ufundi: Misumari Miwili na Swali Moja

Wazazi wengine wameuliza, na yafaa waulize, kwa nini watoto wao huonekana jioni wakishughulika na nyaya na misumari badala ya kushika vitabu. Naeleza hapa somo moja tulilolifanya muhula huu, ili kila mtu apime mwenyewe kama ni mchezo au ni elimu.

Chombo chetu chaitwa micro:bit. Ni kibao cha umeme, kiasi cha sentimeta 5 kwa 4, chenye vitaa 25 na vitufe viwili. Chaendeshwa kwa betri mbili ndogo. Kilianzishwa na BBC ya Uingereza pamoja na wenziwe, na mwaka 2016 watoto wapatao milioni moja wa nchi hiyo walianza kugawiwa bure. Amri huandikwa kwanza kwenye kompyuta, kisha hupelekwa kwenye kibao kwa waya.

Sikuwapa wanafunzi mfano wa kunakili. Niliwapa swali: miche ya bustani yetu ina kiu au haina, na tutajuaje bila kubahatisha?

Njia ni hii. Chomeka misumari miwili udongoni, mbalimbali kidogo, isigusane. Mmoja uunge kwa waya na tundu lenye alama 3V, wa pili na tundu lenye alama 0. Kiamuru kibao kisome umeme unaofika tundu 0. Kitatoa namba kati ya 0 na 1023. Maji ya udongoni yana chumvichumvi, nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo udongo mnyevu hutoa namba kubwa, na mkavu namba ndogo. Ukimaliza kupima, katisha umeme, kwani ukipita mchana kutwa misumari huliwa upesi.

Kutoka hapo kila kundi lilishika njia yake. La kwanza lilichora kwa vitaa uso wa huzuni mche ukiwa na kiu. La pili lilipanga vitaa vipande na kushuka kama maji kisimani. La tatu lilikata chupa ya maji likafunika kibao kisinyeshewe. La nne ndilo lililonifurahisha zaidi, maana liliuliza: namba ipi ndiyo ukavu? Wakapima mchanga wa karibu na ua, wakapima na mfinyanzi wa karibu na bomba, wakaona namba hazilingani. Basi wakaamua kila udongo upimwe kwanza ukiwa mkavu, kisha ukiwa umelowa, ndipo utolewe uamuzi.

Katika kazi hiyo mna fizikia, hesabu na kilimo. Nami nasema wazi: vyombo hivi ni vichache na vina gharama, lakini chombo kilichofungiwa kabatini kwa hofu ya kuvunjika hakimfundishi mtu.

Asiye na kibao asikate tamaa. Apime udongo kwa mizani, auanike mpaka ukauke kabisa, aupime tena. Uzito uliopungua ndio maji yaliyokuwamo.

Mazoezi:
1. Kwa nini misumari isigusane?
2. Pima udongo wa sehemu mbili za nyumbani kwenu kwa mizani. Upi ulikuwa na maji mengi zaidi?
3. Taja tatizo moja la nyumbani linalohitaji kipimo, uchore chombo ambacho ungekitengeneza.