Nguo ya Kuazima: Somo la Vita vya Sham na Madola ya Kigeni

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeitwa hivyo kwa kuwa waanzao kupigana ni watu wa nchi moja. Walakini ni nadra vita hivyo kubaki vya wenyewe. Mtawala akishindwa kuwatuliza raia zake hutafuta msaidizi wa nje. Waliomwasi nao hutafuta wa kwao. Na jirani asiyeitwa na yeyote huingia kwa kuchelea mpaka wake. Mwisho nchi huwa moja, na wenye kuiamua huwa wengi. Kwa sababu hiyo, waasi wasongapo mbele na kuteka miji, anayetikisika si mtawala peke yake. Kila dola iliyoweka mali na askari wake katika nchi ile hupata fungu lake, ama la hasara ama la faida. Somo hili laeleza jambo hilo kwa yale yaliyotokea Sham mwisho wa mwaka 2024.

ASILI YA VITA

Nchi ya Syria, ambayo ni sehemu kubwa ya Sham ya kale, ilikuwa mikononi mwa Hafez al-Assad tangu mwaka 1970. Alipokufa mwaka 2000 alirithiwa na mwanawe, Bashar. Mwezi wa Machi 2011 watu wa mji wa Daraa walitoka kudai haki zao, wakajibiwa kwa risasi. Haukupita mwaka ila madai yale yalikuwa yamegeuka vita. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria, mwaka 2022, kuwa raia waliouawa katika miaka 10 ya mwanzo walipata 306,887. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi walihama majumba yao.

Katika moto huo kila dola iliingia na ndoo yake, nyingine ya maji na nyingine ya mafuta. Iran ilimsaidia Bashar kwa mikopo, mafuta na makamanda, na Hizbullah wa Lebanon wakaingia vitani waziwazi mwaka 2013 katika mapigano ya Qusayr. Urusi ilianza kupiga kwa ndege tarehe 30 Septemba 2015. Ikajipatia kiwanja cha ndege cha Hmeimim karibu na Latakia, na kituo cha manowari katika bandari ya Tartus kwa mkataba wa miaka 49 uliofanywa mwaka 2017. Uturuki iliwaunga mkono wapinzani wa kaskazini, huku imebeba mzigo wa wakimbizi waliozidi milioni 3. Marekani iliweka askari upande wa mashariki pamoja na Wakurdi, kwa kulipiga vita lile kundi lililojiita Dola ya Kiislamu.

Desemba 2016 serikali ilirudishiwa mji wa Halab, ambao Wazungu huuita Aleppo. Machi 2020 Urusi na Uturuki zilipatana kusimamisha mapigano ya Idlib. Tangu hapo mistari ya vita haikusogea sana, na wengi wakayakinisha kuwa Bashar ameshinda. Hata Jumuiya ya nchi za Kiarabu, iliyokuwa imemtoa mwaka 2011, ilimrudisha kitini pake Mei 2023.

SIKU KUMI NA MBILI

Tarehe 27 Novemba 2024 jeshi la Hay'at Tahrir al-Sham na wenziwe walitoka Idlib. Mkuu wao alikuwa Ahmad al-Sharaa, aliyejulikana zamani kwa jina la Abu Muhammad al-Julani, mtu aliyekuwa katika al-Qaida kisha akajitenga nayo mwaka 2016. Hazikupita siku 4 ila Halab karibu yote ilikuwa mikononi mwao. Tarehe 4 Desemba Bashar alitoa amri mishahara ya askari iongezwe kwa nusu. Siku ya pili yake Hama ikatoka. Watu wa kusini nao wakainuka wakaitwaa Daraa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Hims ilitoka, na alfajiri yake, katika mwezi wa Jumada al-Akhira 1446, Dimishki ikaingiwa. Bashar akapanda ndege, akakimbilia Moscow. Utawala wa miaka 54 ukavunjika kwa siku 12.

Je, jeshi lililohimili miaka 13 lilishindwaje kuhimili juma mbili? Jawabu ni kuwa jeshi lile lilikuwa limesimama kwa miguu ya wengine. Urusi ilikuwa imeshughulika na vita vyake vya Ukraine tangu Februari 2022. Hizbullah walikuwa wamepigwa na Israel, na kiongozi wao Hassan Nasrallah aliuawa tarehe 27 Septemba 2024. Siku ile ile waasi walipotoka Idlib ndiyo siku yalipoanza mapatano ya kusitisha vita Lebanon. Askari wa Bashar, mwenye mshahara usiotosha mkate wa nyumbani kwake, aligeuka nyuma asimwone msaidizi, akatupa bunduki. Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

YALIYOYAPATA MADOLA

Wa kwanza katika hasara ni Iran. Njia yake ya nchi kavu, iliyopita Iraq na Syria hata Lebanon, ilikatika, na ubalozi wake wa Dimishki uliingiliwa ukaharibiwa siku ile ile ya tarehe 8. Mbunge mmoja wa Iran alisema mwaka 2020 kuwa nchi yake yumkini imeipa Syria dola bilioni 20 hadi 30, na kwamba lazima zirudi. Aliyekopeshwa amekwisha kuikimbia nchi. Mdai amebaki na daftari.

Wa pili ni Urusi. Haikufa pamoja na rafiki yake. Ilimpa hifadhi, kisha ikazungumza na wale wale iliokuwa ikiwapiga kwa mabomu, kwa ajili ya Hmeimim na Tartus. Vituo hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa daraja la ndege na meli zake kwendea Libya na nchi nyingine za Afrika. Oktoba 2025 al-Sharaa alipokewa Kremlin na rais wa Urusi, katika mji ule ule alikohifadhiwa Bashar. Aliyepinduliwa na aliyempindua wote wawili wakawa wageni wa mwenyeji mmoja.

Uturuki ndiyo iliyopata zaidi. Tarehe 12 Desemba mkuu wa upelelezi wake alikuwa akisali katika Msikiti wa Banu Umayya, na baada ya siku 2 bendera yake ikapandishwa tena juu ya ubalozi wake. Ilitaraji wakimbizi warudi kwao na Wakurdi wenye silaha mpakani mwake wadhoofike. Lakini faida hiyo nayo ina gharama, kwani aliyejulikana kuwa mlezi wa washindi huulizwa kila wafanyalo.

Israel haikuwa rafiki wa Bashar wala wa waasi. Mara ulinzi ulipoanguka, majeshi yake yalivuka yakaingia katika ukanda uliotengwa na mapatano ya mwaka 1974 huko Golan, na ndege zake zikapiga mara mamia katika siku chache, zikaharibu silaha na manowari za nchi ambayo siku hizo haikuwa na wa kuilinda. Mlango ukivunjwa na wenye nyumba wakigombana, apitaye njiani huingia.

Marekani ilikuwa imetangaza zawadi ya dola milioni 10 kwa atakayeonyesha alipo al-Sharaa. Tarehe 20 Desemba 2024 ikasema imeiondoa. Tarehe 14 Mei 2025 Rais Trump alimpa mkono mjini Riyadh, na tarehe 10 Novemba 2025 akampokea katika nyumba yake ya utawala. Nchi za Ulaya nazo, Ujerumani ikiwamo, siku moja baada ya Dimishki kuingiwa zilisimamisha kuyaamua maombi ya Wasyria waliotaka hifadhi, kabla ya mtu yeyote kujua kama amani itadumu.

MAZINGATIO

Msomaji na aangalie mambo mawili katika khabari hii.

La kwanza: msaada wa dola ya kigeni hupimwa kwa haja ya mwenye kuutoa, haupimwi kwa dhiki ya mwenye kupewa. Haja ikihamia kwengine, msaada huhama nayo. Na majina ya "gaidi" na "rafiki" hugeuka kwa kadiri ya aliyeukalia mji mkuu. Basi haifai Waislamu kukosana mabarazani, huyu akimshangilia Mturuki na yule akimtetea Muajemi au Mrusi, hali kila mmoja wa hao yuko kwa hesabu yake.

La pili: kuanguka kwa mtawala si mwisho wa mtihani. Machi 2025 watu wengi wa Kialawi waliuawa pwani ya Syria, na Julai damu ikamwagika Suwayda. Tarehe 16 ya mwezi huo Israel ikaipiga wizara ya vita katikati ya Dimishki. Washindi nao wamekabiliwa na lile lile lililomshinda Bashar: ama wawafanyie raia wote uadilifu, ama waende kuazima nguo nyingine.

Sura ya Hujurat inawaamuru waumini, makundi mawili yao yakipigana, wayasuluhishe, na usuluhishi huo uwe kwa uadilifu. Tangu Januari 2017 Urusi, Iran na Uturuki zilikutana Astana mara nyingi kwa ajili ya Syria. Zikagawa kanda, zikapanga walinzi. Lakini hakuna aliyemlazimisha mtawala awasikize watu wa Daraa, ambao madai yao ndiyo yaliyoanza kisa chote. Jeraha likafunikwa lisitibiwe, na lililofunikwa likapasuka.

Mtawala aliye na raia wenye kumridhia hahitaji mgeni wa kumlinda mlangoni. Asiye nao, hata akizungukwa na manowari, siku moja ataamka azione zimeng'oa nanga. Wallahu aalam.