MTOTO ACHEZAYE NA MTOTO AJENGAYE
Somo la wazazi na walezi



Wazazi wengi wamekuwa wakitujia na swali moja: "Mwalimu, huyu mtoto anashinda kwenye simu akicheza gemu. Nimnyang'anye?" Swali hili ni jema, lakini halijakamilika. Kabla ya kulijibu hatuna budi kuuliza jingine: Je, mtoto huyo anafanya nini ndani ya mchezo? Maana yuko mtoto achezaye tu, na yuko mtoto ajengaye. Wote wawili wameinamia kioo, na mtu aliyesimama mlangoni hawezi kuwatofautisha.

Shabaha ya somo: Mwisho wa somo hili tuweze (a) kueleza jinsi wachezaji walivyogeuka kuwa watengenezaji wa michezo, (b) kutambua faida yake, (c) kujua mahali ambapo jasho la mtoto laweza kupotea.

1. Jambo hili si geni

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Lakini tulilijua hilo hata kabla ya chuo. Nani kati yetu hakuwahi kuona gari la waya lenye magurudumu ya kandambili kuukuu? Hakuna duka lililoliuza. Mtoto aliyeurefusha usukani ili asiiname alipokuwa akikimbia alikuwa ameshinda tatizo la kiufundi. Kadhalika katika rede na kombolela, kila mtaa ulikuwa na sheria zake, na watoto wenyewe ndio waliozitunga. Mtoto hapewi mchezo akauacha kama alivyoupokea.

2. Wachezaji wageuka mafundi

Mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Doom. Mafundi wake waliziweka picha na ramani za mchezo katika mafaili ya peke yake, mbali na mtambo unaouendesha. Ni sawa na kutenga unga na jiko: mpishi mwingine akija na unga wake, jiko ni lile lile. Basi wachezaji wakaanza kutunga ramani zao na kugawiana. Mwaka 1997 kampuni hiyo ikatoa hata maandishi ya ndani ya mtambo wenyewe, ili kila apendaye ajifunze.

Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliuchukua mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve wakautengenezea nyongeza waliyoiita Counter-Strike. Hawakuwa wafanyakazi wa kampuni, walikuwa wachezaji. Nyongeza ile ilipendwa mno hata mwaka 2000 Valve ikainunua na kuwaajiri wenyewe.

3. Mchezo wa kujenga

Mchezo ambao wajukuu zetu wanaujua zaidi ni Minecraft. Ulianzishwa mwaka 2009 na Markus Persson wa Sweden, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ikaununua pamoja na kampuni iliyoutengeneza kwa dola bilioni 2.5. Kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa.

Ulimwengu wa Minecraft umefanywa kwa vipande vya mraba kama matofali: vya udongo, mawe, mchanga, miti. Mchezaji huvichimba, huvibeba na kuvipanga apendavyo. Hakuna anayemwamuru ajenge nini. Humo kuna pia vumbi jekundu linalopitisha nguvu kama waya wa umeme, na kwa vumbi hilo wako wachezaji waliounda mashine za kukokotoa hesabu. Mwalimu wa sayansi ataona mara moja kwamba hayo ni masomo kamili.

Tena, jambo hili limefika Afrika ya Mashariki kwa namna ya kustahili sifa. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, lilishirikiana na watengenezaji wa Minecraft katika mpango uitwao Block by Block. Moja ya mahali pa kwanza palikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, mtaani Kibera. Utaratibu wa mpango huu ni huu: kwanza mahali husika hutengenezwa ndani ya mchezo jinsi palivyo. Kisha wakazi, vijana kwa wazee, hukaa vikundi vikundi mbele ya kompyuta na kujenga wanachokitaka: hapa taa, hapa njia, hapa kivuli cha kukalia. Mwishowe hueleza kazi yao mbele ya wakuu wa mji, na wachora ramani huichukua kama msingi wa kazi yao.

Tuone uzito wake. Mchoro wa mhandisi huwanyamazisha watu wasioujua kuusoma. Lakini tofali lililowekwa kwenye kioo kila mtu analiona, na mama anayejua kona ipi haina usalama usiku ataweka taa pale pale. Hapo mchezo umekuwa kinywa cha asiyesikilizwa.

4. Jasho ni la nani?

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Mwaka 2003 mchezaji mmoja alitumia vifaa vya mchezo wa Warcraft III kutunga mchezo mwingine, Defense of the Ancients, na wenzake wakauendeleza. Baadaye kampuni mbili kubwa ziligombania jina hilo hadi zilipopatana mwaka 2012. Mwaka 2020 mwenye Warcraft III alipotoa toleo jipya, masharti yake yalisema kwamba michezo yote itakayotungwa na wachezaji humo ni mali ya kampuni. Anayebonyeza "nakubali" bila kusoma amekwisha kutia sahihi.

Mfano mwingine ni Roblox, iliyofunguliwa mwaka 2006. Humo karibu michezo yote hutungwa na watumiaji, wengi wao vijana. Fedha yake huitwa Robux. Tufanye hesabu ya mwaka 2021. Mnunuzi wa Robux 100,000 alilipa kama dola 1,000. Lakini fundi aliyekusanya Robux 100,000 akataka kuzigeuza fedha halisi alipewa dola 350. Tena hakuruhusiwa kubadilisha chini ya kiasi hicho, ingawa baadaye kiwango kilipunguzwa. Ni kweli kampuni ina gharama za mitambo na ulinzi. Hata hivyo mtoto anayeambiwa atatajirika anastahili kuonyeshwa hesabu hii kwanza.

Kadhalika, katika michezo ya namna hii wageni waweza kuzungumza na mtoto. Mzazi ajue mtoto anajenga pamoja na nani.

5. Wajibu wetu

Tukiri kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa likizo, mjukuu wetu alishinda kwenye simu siku tatu mfululizo. Tulikasirika, tukaufuta ule mchezo. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, Bibi." Jioni dada yake ndiye aliyetueleza kwamba kijana alikuwa akijenga nyumba yetu ya zamani kule kijijini, iliyobomoka: baraza, tangi la maji na mwembe wa uani. Alikuwa akimwuliza mama yake kila chumba kilikaa wapi. Kazi yote ilifutika pamoja na mchezo. Tangu hapo hatukumwona akijenga tena mbele yetu.

Miaka thelathini na zaidi tulisahihisha madaftari, wala hatukuwahi kuchana daftari bila kulifungua. Lakini lile tulilichana.

Hatusemi mtoto aachwe bila mipaka. La, hasha! Saa za kulala, za masomo na za kazi za nyumbani zibaki pale pale. Tunasema tu, kabla ya kuzima, tuketi karibu naye tuseme: "Hebu nionyeshe ulichojenga." Akiwa na cha kuonyesha, tumpe muda wa kukihifadhi. Akiwa hana, hapo tumpe jembe, kitabu au waya.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja mchezo mmoja wa utotoni mwako ambao mliubadilisha sheria. Nani aliamua?
2. Kama wakazi wa mtaa wetu wangepewa nafasi ya kujenga upya soko letu ndani ya mchezo, ungeweka nini kwanza, na kwa nini?
3. Je, ni haki kazi ya mtoto kuwa mali ya kampuni kwa sababu alitumia vifaa vyake? Toeni hoja za pande zote mbili.
4. Zoezi la nyumbani: Wiki hii mwombe mtoto mmoja akufundishe mchezo wake kwa nusu saa. Usimsahihishe.