Mwombe mama mkwe akufundishe pampu

Mdogo wangu wa Sogea, huko mpakani na Nakonde, barua yako nimeisoma yote. Mama mkwe ana ugonjwa sugu wa mapafu baada ya miaka mingi ya kupikia kuni. Hospitali wamempa pampu ya kufungua kifua, lakini kopo halimalizi wiki mbili, na kifua kinabana vilevile. Wifi yako anasema dawa ni feki. Jirani anasema ukishaizoea pampu huiachi mpaka kaburini. Nawe unaniuliza mtafute dawa gani nyingine.

Kwanza niambie: umewahi kukaa ukamtazama akiivuta?

Kopo la salbutamol kwa kawaida hutoa mipulizo 200. Likiisha kwa wiki mbili, anapuliza mara kumi na nne hivi kwa siku. Basi ama ugonjwa umemzidi, ama dawa inaishia ulimini na hewani. Vyovyote iwavyo daktari aambiwe, lakini hilo la pili limeenea kuliko unavyodhani. Mwaka 2016 yalichapishwa mapitio ya tafiti za miaka 40 kutoka nchi mbalimbali: karibu mgonjwa mmoja tu kati ya watatu ndiye aliyekuwa akitumia kifaa chake sawasawa, na miaka yote hiyo hali haikuwa imebadilika. Kwa hiyo wifi asimcheke mama. Pampu ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, baada ya binti wa miaka 13 mwenye pumu kumuuliza baba yake, mkubwa wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza. Binti alikuwa na akili, ila kazi ya kulinganisha kidole na pumzi alituachia sisi.

Najua kinachokukwaza. Mkwe hakosolewi, tena na mke wa mwanawe. Ukimuuliza, "Mama, unajua kuitumia?" atakujibu anajua, na mazungumzo yameishia hapo. Hata wauguzi hukwama papo hapo: wanaeleza haraka, wanauliza "umeelewa?", mzee anaitikia kwa heshima. Wewe pita njia nyingine. Mpe shikamoo yake, keti chini, umwambie: "Mama, nifundishe mimi, ili ukibanwa usiku nijue la kufanya." Akufundishe kweli, na pampu mkononi. Nyamaza, tazama.

Utaona mengi. Wapo wanaosahau kutikisa kopo. Wapo wanaojipulizia kooni kama marashi, mdomo wazi, mvuke unatokea puani. Wengine wanabofya kwanza ndipo wanakumbuka kuvuta, au wanabofya mara mbili kwa pumzi moja.

Inavyotakiwa ni hivi. Akae wima, aondoe kifuniko, atikise kopo, kisha atoe pumzi yote taratibu. Pampu iingie katikati ya meno, midomo iibane. Aanze kuvuta polepole, na hapo hapo abofye mara moja, aendelee kuvuta mpaka kifua kijae. Abane pumzi ahesabu mpaka kumi, au kadiri atakavyoweza. Kama ameandikiwa mpulizo wa pili, asubiri kama dakika moja, atikise tena. Pampu mpya, au iliyokaa siku nyingi bila kutumika, ipulizwe hewani kwanza. Na kama ana ile nyingine ya kutuliza uvimbe wa ndani, ya kila siku, asukutue mdomo na kutema kila anapomaliza, asije akapata fangasi. Usizitofautishe kwa rangi tu, soma jina.

Kidole cha mzee kikikataa kwenda na pumzi, msimlazimishe. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Chora kwenye kitako umbo la mdomo wa pampu, toboa kwa waya wa moto, chomeka pampu ibane, ziba pembeni kwa gundi au plasta. Mama aweke midomo kwenye shingo ya chupa, abofye mara moja, avute taratibu mara tano. Watafiti wa Cape Town, akiwemo Profesa Heather Zar, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya chupa za namna hii kwa watoto wenye pumu, nazo zikafanya kazi vizuri kama vifaa vya dukani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa, kwani ukiisugua dawa itanata kwenye plastiki.

Jirani naye mwambie pampu haileti uteja. Wasiwasi wangu mimi uko jikoni. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, lakini kifua cha mama hakisubiri. Pikieni nje, na baridi ya Juni na Julai isiwafanye mlale na jiko la mkaa chumbani. Moshi wa foleni ya malori ya Nakonde huwezi kuuondoa, wa jiko unaweza kuupunguza.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikigeuka rangi, au akianza kusinzia ovyo, ni hospitali saa hiyo hiyo. Wakati gari linatafutwa, mpe mpulizo mmoja mmoja kwa chupa, hata minne.

Siku ya kliniki, pampu na chupa viingie kwenye mkoba. Muuguzi akiuliza kama mama anajua kutumia, usimjibie. Mwache mama amwonyeshe.