UPELELEZI, IMANI NA MAPENZI YA UZEENI KATIKA HADITHI ZA WAAMISH

Siku moja chamani tulikuwa tukizungumzia hadithi za upelelezi, mwanachama mmoja akauliza: kuna haja gani ya kumsaka muuaji ikiwa dini yako inakuamuru umsamehe? Watu walicheka, lakini mimi swali lile lilinikaa. Nitajaribu kulijibu kwa kutumia hadithi za Waamish wa Marekani, maana kwao swali hilo si la mzaha.

Waamish ni Wakristo wanaotokana na Jakob Ammann, aliyejitenga na wenzake huko Uswisi na Alsace mwaka wa 1693. Katika karne ya 18 walianza kuhamia Pennsylvania. Husafiri kwa kigari cha farasi, na wengi wao huweka simu katika kibanda nje ya nyumba. Shule yao huishia darasa la nane, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mwaka wa 1972. (Kumbe mimi wa kidato cha tatu ningekuwa shambani zamani!) Kanuni zao huitwa Ordnung, na aliyebatizwa akizivunja bila kutubu hutengwa.

Msamaha kwao si maneno matupu. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye bunduki aliingia katika shule yao huko Nickel Mines, Pennsylvania, akawaua wasichana watano, kisha akajiua. Siku hiyo hiyo baadhi ya Waamish walikwenda kwa jamaa za muuaji kuwaambia kwamba wamesamehe. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwanza.

Basi mwandishi wa upelelezi afanyeje na watu kama hao? Vannetta Chapman alipata njia katika riwaya ya What the Bishop Saw, iliyotoka mwaka wa 2017. Mandhari ni bonde la San Luis, Colorado. Nyumba inateketea na mzee Vernon Frey anafia humo. Inagunduliwa kwamba moto uliwashwa makusudi. Polisi wanamshuku kijana mmoja. Askofu Henry Lapp ana hakika kwamba siye.

Hapo ndipo jibu lilipo. Unaweza kumsamehe aliyekukosea wewe, lakini huwezi kusamehe kwa kumwacha mwingine afungwe bure. Askofu hatafuti kisasi, anatafuta kumwokoa kijana. Tena ana kipaji cha siri: anaweza kuchora kinaganaga kitu alichokiona hata kama hakumbuki kukiona. Waamish huogopa picha za nyuso za watu kwa ajili ya amri ya kutojifanyia sanamu. Kwa hiyo kipaji kinachoweza kumwokoa kijana yule, yeye hukiona kama laana. Taharuki kubwa, kwa maoni yangu, haimo katika moto bali ndani ya moyo wa mzee huyu. Na uaskofu wenyewe si cheo cha kuomba. Wahubiri wa Waamish huteuliwa kwa kuchagua kitabu cha nyimbo. Atakayekuta kikaratasi ndani ya chake, kazi ni yake maisha yake yote, bila mshahara.

Sasa mapenzi. Henry ni mgane, naye Emma Fisher ni mjane. Wasichana wenzangu walisema, "Ati wazee hao nao!" Lakini Waamish hawaruhusu talaka, hivyo ndoa ya pili huja baada ya mazishi tu. Mjane wa Kiamish hakosi watu, kwani wazee huishi katika nyumba ndogo kando ya watoto wao. Anachokosa ni mtu wa rika lake wa kukumbuka naye mambo ya zamani. Ndiyo sababu mapenzi yao huenda polepole, na mimi niliyapenda kuliko yale ya vijana wanaozirai zirai.

Kasoro ipo. Waandishi wengi wa hadithi hizi, Chapman akiwemo, si Waamish, na mara nyingine mashamba yao ni masafi mno, hata matope hakuna.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali aliniazima kitabu. Nimemwomba mara mbili, anasema bado hajamjua aliyewasha moto.